Kidole Ndani ya Soksi

Soksi ndiyo iliyoanza. Kwenye ncha ya mguu wa kushoto wa kaka yake Kiangi, sufu ya kijivu ilijikunja, ikakaa hivyo kitambo, kisha ikanyooka. Namkunda alikuwa amechuchumaa kando ya kiti chenye magurudumu, ungo wa maharage mapajani, na macho yake yalikuwa mahali yanapokaa siku zote nyumbani kukiwa na wageni, yaani chini. Mtu mwingine asingeona.

Juu yake Kauli, mashine iliyofungwa begani mwa kiti, ilikuwa inaongea.

"Ninakubali kwa moyo wote," ilisema, kwa ile sauti nzuri ya kiume iliyofinyangwa kutokana na sauti za wajomba zake Kiangi. "Uzi wa daktari uwekwe kesho. Samahani kuwasumbua."

Soksi ikajikunja tena.

Barazani watu walifurahi. Tangu Kauli ifike Vumbwe, hakuna siku iliyopita bila jirani kupanda mlima kuja kumsikia Kiangi, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kutoa hata neno moja kinywani. Mzee Kajiru, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alisema siku hizi Kiangi anaongea kama mgombea udiwani, bado tu kugawa kofia. Watu wakacheka. Kauli ikasubiri kicheko kiishe, kama ilivyofunzwa, ikasema, "Asante, Mzee Kajiru. Karibu tena."

Mama yao alizunguka na birika la chai akitabasamu kwa kila mtu. Namkunda aliendelea kuchambua, kokoto huku, maharage huku. Baada ya muda akagundua kwamba alikuwa anazirudisha kokoto kwenye maharage.

Samahani kuwasumbua. Vumbwe nzima hakukuwa na mtu mwingine mwenye maneno hayo. Yalikuwa ya Namkunda mwenyewe. Aliyasema akiingia dukani, aliyasema akiitwa jina, aliyasema hata akikanyagwa. Kiangi, katika maisha yake yote, hakuwahi kumwomba mtu samahani kwa kumsumbua.

*

Miezi minne nyuma, Daktari Mwantumu alikaa kwenye kigoda jikoni kwao, mikono ya gauni ameikunja, akawaeleza jinsi mashine inavyofanya kazi. Alikuwa mwanamke wa Pangani, mrefu, mwenye maneno ya taratibu, na hakudharau moshi wa jikoni.

Alisema Kauli haisikii maneno yaliyo kichwani mwa mtu. "Ni kama wewe umelala chumba cha chini, na mtu anatembea ghorofani. Humwoni. Unasikia nyayo tu. Lakini kama kuna anayemjua, akawa anakwambia, sasa anakwenda dirishani, sasa anaketi, basi siku moja utajua mwenyewe bila kuambiwa."

Kwa hiyo kila Kauli ilihitaji msindikizaji. Kwa siku tisini mgonjwa angevaa ukanda wa mpira kichwani, na kila alipojitahidi kusema jambo, ukanda ungeshika nyayo za jitihada ile, na msindikizaji angebonyeza kitufe na kutamka maana yake. Pale mashine isipokuwa na hakika, ingechagua maneno ambayo msindikizaji aliyatumia mara nyingi zaidi. Daktari alilisema hilo kwa kupita, kama jambo dogo.

Msindikizaji hakuwa wa kutafutwa. Namkunda aliacha shule darasa la tano ili mama apate kwenda kwenye matuta ya tangawizi na mtu abaki na Kiangi. Kutoka shuleni alirudi na kitu kimoja tu kilichomfaa, nacho kilikuwa jedwali la silabi lililotundikwa ukutani. Alilibeba kichwani. Nyumbani alikaa miguuni kwa kaka yake, akashika kidole gumba cha mguu wa kushoto, kiungo pekee ambacho homa ya uti wa mgongo ilikiacha na utiifu kidogo, akaanza kukariri: ba, cha, da, ga. Kidole kikiinuka, ndio mstari wenyewe. Halafu a, e, i, o, u, mpaka kiinuke tena. Silabi moja imepatikana. Kidole kikijikunja, maana yake hapana, rudi nyuma.

Mwanzoni alikuwa mwaminifu kama mizani. Lakini silabi ni kazi ya mtu mwenye siku nzima, na wageni hawana siku nzima. Chai inapoa, mgeni anatazama mlima, Kiangi yuko silabi ya tatu. Namkunda akaanza kumalizia. Kisha akaanza kulainisha. Siku mchungaji alipokuja kumwombea, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Kiangi na kuomba kwa muda mrefu, kidole kilitaja: a-na-nu-ka vi-tu-ngu-u. Namkunda akasema, "Anashukuru sana kwa maombi." Kaka yake alimtazama kwa jicho lililojaa kicheko. Ilikuwa mchezo wao.

Haikubaki mchezo.

Mama yao alikuwa na jeraha moja ambalo hakulifunika. Siku ya homa, saa sita mchana, alimkuta Kiangi shingo imekakamaa kama mti, akamtuma Namkunda, wakati huo mtoto wa miaka sita, akimbie kwa Mzee Kajiru aliyekuwa na pikipiki. Yeye akabaki amempakata mtoto, anangoja. Pikipiki ilifika jua likiwa limeshaelemea magharibi. Binti akasema alimkuta Mzee Kajiru hayupo. Hivyo ndivyo Namkunda alivyosema, na hakuna aliyemuuliza tena. Kituoni waliambiwa laiti wangefika mapema kidogo tu. Tangu hapo mama alikuwa na wimbo mmoja, shambani, kisimani, kanisani: ningembeba mgongoni. Nilingoja nini mimi? Ningembeba mgongoni.

Siku moja, miaka mingi baadaye, akaweka jembe chini na kumwambia Namkunda, "Muulize kaka yako kama amenisamehe."

Kidole kilichukua muda mrefu. Kiangi hakumtazama mama hata mara moja. Alikuwa anamtazama dada yake. U-li-ku-wa wa-pi.

"Anasema amekusamehe, mama," Namkunda alisema. "Zamani sana."

Mama alijifunika uso kwa khanga, akalia mpaka akakaa chini. Mwezi ule alianza kunenepa. Wimbo ukaisha. Nani angeenda kumrudishia wimbo ule?

Lakini Kiangi hakuacha kuuliza. Aliuliza kwa miaka. Katika zile siku tisini za ukanda aliuliza kuliko alivyouliza jambo lolote, na kwa kuwa mama alikuwa hapo uani, anapita na ndoo, anapita na kuni, masikio wazi, Namkunda alibonyeza kitufe kila mara na kutamka yaliyomjia haraka. Asante, dada.

Mwishoni mwa siku tisini Daktari Mwantumu alileta soksi nene za sufu. Alisema damu ya miguu ikipoa, na baridi ya milimani ilivyo, nyayo za kichwani hazisikiki vizuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyekitazama kidole. Kulikuwa na haja gani? Kiangi alikuwa anaongea.

*

Wageni walipoondoka, mama akaenda kuoga na kupiga pasi nguo zake za kesho. Namkunda alisukuma kiti mpaka nyuma ya banda la mbuzi, jua la alasiri lilipokuwa limekaa, akapiga magoti, akavua soksi.

Kidole kilikuwa cheupe kwa kukosa hewa. Alikisugua. Hakumtazama kaka yake usoni.

"Kesho wanakuwekea uzi," alisema. "Unataka?"

Alijua kilichokuwa ndani ya swali lile. Uzi ulikuwa mwembamba kuliko utando wa buibui, wa kupitishwa nyuma ya sikio, na ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni koo. Mara mbili mwaka ule uji ulimpalia Kiangi mpaka midomo ikawa ya bluu, na mama akampiga mgongoni kama mtu anayevunja mlango. Daktari hakuwaficha: mapafu yalikuwa yameanza kuharibika, na mvua za vuli zingekuwa mbaya. Uzi ungelifundisha koo kumeza upya. Kazi ya pili ilikuwa maneno. Yale yote ambayo Kauli ilijifunza yangeingizwa ndani ya uzi na kukazwa humo. Mama, aliyezaliwa Usangi kwa wafinyanzi, ndiye aliyepata mfano: ni kama chungu. Kikiwa kibichi utakikanda hata mara kumi. Kikishaingia motoni, kilivyo ndivyo kilivyo. Daktari akaupenda mfano, na tangu hapo hata yeye aliita kazi ile kuoka. Na njia ya mshipa ambayo uzi ungepita ndiyo njia iliyokuwa inakwenda kwenye kidole. Baada ya kuoka, kidole kingelala moja kwa moja. Daktari alisema hiyo ni hasara ndogo kwa mtu mwenye Kauli.

Kidole kiliinuka. Ndiyo, alitaka uzi. Alitaka kumeza, alitaka kuiona vuli na kuipita.

"Na maneno? Haya ambayo Kauli inasema?"

Kidole kilijikunja kwa nguvu mpaka kifundo kikatetemeka.

Namkunda akaanza kukariri. Sauti yake ilikuwa imeshika kutu kwa kazi ile, akasahau mstari wa nya akarudi nyuma. Si-yo ya-ngu.

"Ninashukuru kwa kila jambo," Kauli ilisema kutoka begani mwa kiti. Ilikuwa bado inawaka.

"Kaka, daktari anashuka kesho. Timu haina zamu nyingine huku mlimani mpaka mwaka ujao, na wanaosubiri ni wengi. Tukisema maneno si yako, hawataoka. Koo na maneno haviwezi kutengwa. Unaelewa? Utakula nini vuli hii?"

Alimtazama kidogo. Kiangi alielewa. Siku zote ndiye aliyekuwa mwerevu kati yao wawili. Kidole kikaanza tena, na yeye akakariri, ingawa tangu silabi ya kwanza alijua kinakwenda wapi, kama mtu anavyoijua njia ya nyumbani gizani. U. Li. Ku.

"Asante, dada," ilisema Kauli.

Wa. Wa.

"Asante, dada yangu. Asante."

Pi.

Mbuzi mmoja alikohoa ndani ya banda. Namkunda alibaki amekishika kile kidole, na wazo likamjia bila kubisha, likakaa. Kesho, baada ya moto, swali hili litakufa. Hatalisikia tena. Kila Kiangi atakapomuuliza, mpaka siku ya kufa kwao, kinywa kitamshukuru. Mama atabaki na msamaha wake. Kiangi atameza. Na yeye hatahitaji kusema kitu.

Alimvisha kaka yake soksi. Aliivuta mpaka juu ya kifundo, akainyoosha kwa kiganja, akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka Kiangi, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta, Namkunda aliyafuta kwa ncha ya khanga, haraka, kama mtu anayefuta meza.

"Siku njema sana leo," Kauli ilisema.

*

Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja cha kazi hiyo, na kilikuwa kidogo. Daktari Mwantumu alimwomba Namkunda radhi kwamba lazima angoje nje. Ndani angeingia mama, kwa ajili ya kutia dole gumba la ushahidi kwenye karatasi, na Kiangi mwenyewe, ambaye angesema anakubali mara tatu mbele ya kinasa sauti. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Alimshika Namkunda shavu akamwambia kazi ya miaka yote ile imefika mwisho wake, mwanangu, sasa na wewe utaishi.

Mlango ukafungwa.

Ulikuwa mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Namkunda alisimama mbele yake. Hakukaa kwenye benchi. Aliusikia mtambo ukiwashwa, aliisikia sauti ya daktari ikiuliza, na ile sauti nzuri ya wajomba ikajibu.

"Ninakubali."

Alijua soksi inafanya nini wakati ule. Alijua kwamba hakuna anayeitazama.

"Ninakubali. Samahani kuwasumbua."

 Mkono wake uliinuka ukafika karibu na mlango, ukabaki hapo hewani, kama ulivyowahi kubaki. Yaani hata utotoni ilikuwa hivihivi. Hata mlango ule ulikuwa wa bluu. Ndani watu wazima wana shughuli yao, nje yeye, na neno moja dogo ambalo kila mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, limekwama kooni kama tonge. Aliwaza kwamba Kiangi akipaliwa vuli hii, itakuwa mkono wake. Aliwaza kwamba asipopaliwa, akaishi miaka sitini na kinywa cha mtu mwingine, huo pia utakuwa mkono wake. Hakukuwa na upande wa kukimbilia. Kulikuwa na mlango tu.

"Hodi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Hata yeye hakuisikia vizuri sauti yake.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

 Kisha sauti ya mama, nusu ikicheka: "Kwani unampigia nani hodi, Namkunda? Si uingie?"

Aliingia. Kiangi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kuinuka, nyuma ya sikio amenyolewa. Mama alikuwa na wino kidoleni, bado hajaugusisha kwenye karatasi. Namkunda hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja miguuni, akavua soksi, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Daktari, muulize tena," alisema. "Utazame hapa."

Daktari Mwantumu aliinama kukitazama kidole. Aliuliza mara ya tatu. Kauli ikasema ninakubali. Kidole kikajikunja na kukaa kimejikunja.

Baada ya hapo Namkunda alieleza. Alieleza vibaya, mwisho kabla ya mwanzo, akisema na sakafu. Alisema kuhusu chai inayopoa, kuhusu mchungaji na vitunguu, kuhusu kitufe, kuhusu maneno ambayo mashine iliyachukua kwa kuwa yeye aliyapenda. Alisema kaka yake anautaka uzi lakini hataki kinywa hiki. Daktari alisikiliza amesimama. Kisha akazima mtambo mmoja, akazima wa pili, akavua glavu.

"Basi leo hatuoki," alisema taratibu. "Siwezi kumfunga mtu ndani ya maneno ya mwingine. Lakini koo lake, binti yangu. Koo lake nalo ninaliacha hivihivi. Umelifikiria hilo?"

"Yeye amelifikiria," alisema Namkunda.

 Mama alikuwa ameushika mkono wake wenye wino mbali na kitenge, asije akakichafua, na uso wake ulikuwa umezeeka hapo alipokaa.

"Kwa hiyo ile siku," alisema. "Siku niliyoweka jembe chini. Hakusema amenisamehe."

"Hakusema, mama."

"Alisema nini?"

 Namkunda alikishika kidole, akaanza kukariri kwa sauti ya kusikika chumba kizima, mstari kwa mstari, kama alivyokariri utotoni mbele ya ukuta wa darasa. Mama alisogea, akapiga magoti upande wa pili. Aliziunganisha silabi mwenyewe, midomo yake ikitembea. Kauli ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza kwa majuma mengi swali lilifika lote bila kushukuriwa. Ulikuwa wapi.

"Ananiuliza mimi?" mama alisema. "Nilikuwa hapo hapo, mwanangu. Nilikuwa nimekupakata."

Kidole kikajikunja. Hapana.

Kiangi alikuwa anamtazama dada yake. Safari hii Namkunda aliinua macho kutoka sakafuni, akapita mguuni, akapita kifuani palipokuwa panapanda na kushuka kwa shida, akafika usoni, akabaki hapo.

"Nilikuwa mlangoni kwa Mzee Kajiru, ule mlango wa bluu," alisema. "Alikuwepo, kaka. Pikipiki ilikuwa uani, niliigusa, bado ya moto. Ndani kulikuwa na wageni wanakula, wanaume watupu, na mimi niliona haya. Nilisimama tu. Nilisimama mpaka wakamaliza kula, mpaka kivuli cha nyumba kikanifunika, na yeye alipotoka kunawa mikono ndipo akaniona, akadhani ndiyo nafika. Mama hakuchelewa. Ni mimi niliyechelewa. Sikupiga hodi."